Lugha Hubadilika Kichwani, Mashine Hutafuta Mkiani

Majuzi mpwa wangu anayesomea shahada ya uzamili alinijia nyumbani Migosi, hapa Kisumu, kompyuta mkobani na malalamiko mdomoni. Alisema kwamba maktaba ya kidijitali ya chuo chake haikuwa na lolote kuhusu nyimbo za watoto, na kwamba msimamizi wake alikuwa amemwambia, kwa ukali kidogo, kuwa hakutafuta vya kutosha. Nilimwomba atafute tena mbele yangu. Aliandika "wimbo wa mtoto" ndani ya alama za nukuu, akapata tokeo moja lisilomfaa. Nikamwambia aandike "nyimbo za watoto", na mara hiyo matokeo yakajaza ukurasa, tasnifu mbili za chuo hicho hicho zikiwa miongoni mwake.

"Mjomba, kwani si kitu kimoja?" aliniuliza.

Kwake na kwangu ni kitu kimoja. Mashine ya kutafutia, hata hivyo, haijui maana. Inajua herufi zilizopangwa kwa mfuatano fulani, na kati ya "wimbo" na "nyimbo" inaona maneno mawili yasiyo na udugu. Msimamizi anaweza kumlaumu mwanafunzi kwa uvivu, lakini mimi, niliyefundisha Kiswahili miaka mingi, naona lawama hiyo imepotea njia.

Programu nyingi za kutafutia zilibuniwa na watu ambao maneno ya lugha zao hubadilika mwishoni. Kanuni alizochapisha mtaalamu wa kompyuta Martin Porter mwaka 1980 za kukata viishio vya maneno ya Kiingereza bado zimo ndani ya mifumo mingi, nazo humwezesha anayeandika "book" (kitabu) kwa Kiingereza kuletewa na "books" (vitabu) pia, bila yeye kufikiria lolote. Neno la Kiswahili hubadilika mbele: mtoto akawa watoto, ugonjwa ukawa magonjwa, na mkulima, wakulima, ukulima na kilimo wakatawanyika katika herufi nne tofauti za alfabeti. Ukikata mkia wa maneno hayo hupati kitu. Kuna wanaosema, basi tumia kinyota, ile alama inayosimama badala ya herufi zozote. Ushauri huo unafaa pale unapokiweka kinyota mwishoni. Ukikitanguliza mbele ya "-kulima", mifumo mingi hukataa, kwa sababu faharasa imepangwa kwa herufi za mwanzo, na kutafuta neno kwa mwisho wake kunailazimu mashine ipekue maneno yote iliyo nayo. Kinyota hicho tumepewa, lakini pale tunapokihitaji zaidi ndipo kilipokatazwa.

Ajabu ni kwamba tatizo hili wanafunzi wetu wanalijua tayari, ila katika kitabu kingine. Tangu shule ya msingi tunawafundisha kwamba anayetafuta "alivyonisomea" katika kamusi hafungui ukurasa wa A. Anavua viambishi mpaka abaki na "soma". Lakini mbele ya kisanduku cha kutafutia mtoto yule yule anaandika sentensi nzima, kama anayemuuliza mtu, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba sasa anapaswa kufanya kinyume chake: kulivika neno kila kiambishi kinachowezekana, kisha kuyatafuta yote, moja baada ya jingine.

Halafu kuna ritifaa, ile alama ya juu katika ng'. Andika "ng'ombe" kwa kibodi ya simu, halafu kwa kompyuta, na huenda ukawa umeandika maneno mawili tofauti, kwa kuwa ritifaa moja imenyooka na nyingine imepinda. Aliyeingiza kichwa cha tasnifu katika mfumo alitumia mojawapo, wala hukuwapo kumwona. Mwingine hakuiweka kabisa, akaandika "ngombe". Zipo programu zinazozisawazisha alama hizo, na zipo zinazomwacha ng'ombe nje ya zizi. Katika eneo letu, lenye Nyang'oma na Nyang'ori na majina ya watu yasiyohesabika yenye sauti hiyo, jambo hili si dogo.

Ukiwa unatafuta historia ya eneo hili, tatizo linahamia kwenye majina yenyewe. Anayeandika "Kisumu" katika hifadhi ya picha na ramani za zamani atapata sehemu tu ya kilichopo, kwa kuwa reli ilipofika ziwani mwaka 1901 kituo chake kiliitwa Port Florence, na hadi 1902 mahali hapa palihesabiwa kuwa upande wa Uganda. Barua iliyoandikwa hapa kabla ya hapo inaweza kabisa kuwa imewekwa chini ya Uganda, na aliyeiweka hakukosea. Vivyo hivyo, nyaraka za kikoloni kuhusu Waluo na Waluhya zimejaa neno "Kavirondo", jina ambalo vijana wengi hawajawahi kulisikia na ambalo wazee hawalipendi, lakini bila kuliandika mlango haufunguki. Sipendekezi lifutwe katika katalogi, maana ndilo lililoandikwa juu ya karatasi zenyewe. Napendekeza atakayeandika jina la leo apelekwe kwenye la jana.

Jambo hilo lilikuwa likifanyika zamani, tena kwa mkono. Katika zile droo za kadi, mkutubi alikuwa akichomeka kadi isiyo ya kitabu chochote, iliyoandikwa tu "tazama" na kuelekeza kwenye jina jingine. Alikuwa amekaa akajiuliza msomaji atakuja na neno gani. Kompyuta ingeweza kubeba maelfu ya maelekezo kama hayo, pamoja na umoja na wingi wa kila nomino ya Kiswahili, kwani orodha ya ngeli zetu si siri ya mtu. Fedha zimekwenda kwenye skana na seva, na swali la mkutubi yule limeachwa. Maktaba inayojigamba kwa wingi wa faili zake huku haijui kwamba wimbo na nyimbo ni ndugu, mimi naihesabu kuwa ghala.

Mpaka hapo itakaporekebishwa, nilimwonyesha mpwa wangu njia moja ya kuzunguka. Katika maktaba zinazotumia mpangilio wa Dewey, ule wa kuvipa vitabu namba kwa mada, fasihi ya Kiswahili hupewa namba 896.392, na namba haina umoja wala wingi. Aliiandika penye sehemu ya namba za uainishaji, akaanza kupitia matokeo kama mtu anayetembea mbele ya rafu. Katika ukurasa wa tatu alikuta mkusanyiko wa bembelezi, neno ambalo hakuwa amewahi kufikiria kulitafuta. Akatoa kalamu, akaliandika kwenye kiganja cha mkono, na chini yake "bembea", kisha akanitazama kuniuliza kama wingi wake una kiambishi.