Naomba Nipite na Kasuku Wangu

Asubuhi ya leo bwana mmoja mwenye tai na mkoba wa kazini alinisimamisha pale Chumbageni, hapa Tanga mjini, akaliinamia tundu nililokuwa nimelibeba, akamtazama kasuku wangu kwa makini kuanzia mdomo hadi mkia, kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama analiwa. Hakutanguliza salamu, wala hakuuliza habari za nyumbani. Nami niliyefundisha shule za msingi za mkoa huu mpaka serikali ikaniambia nipumzike, nikabaki nimesimama katikati ya njia, baiskeli zikinipigia kengele kulia na kushoto, nikitafuta jibu linalomstahili mtu mwenye tai.

Ningependa nieleweke. Sitembei na ndege kwa kutafuta jina. Karani, maana ndivyo aitwavyo, nimemrithi kwa marehemu ami yangu, aliyefanya kazi reli ya kati na kuja naye kutoka Kigoma enzi ambazo hakuna aliyeuliza kibali. Kibali nimekihangaikia mimi, na ninacho mfukoni hata sasa ninapoandika. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu akitunzwa vizuri huishi miaka 40 hata 60, jambo ambalo ami hakulitaja aliposema ananiachia kindege. Ukimfungia ndani peke yake huchoka, na akichoka hujinyonyoa manyoya ya kifua kwa mdomo wake mwenyewe mpaka ngozi ibaki wazi. Daktari wa mifugo akaagiza nimtoe nje mara kwa mara apate kuona watu, bila kunipa dawa yoyote ya hao watu.

Mama muuza mihogo alitaka kujua kama ni jike au dume. Nikamweleza kwamba kwa aina hii macho hayatoshi, lazima unyoya au tone la damu lipelekwe maabara. Akanijibu kwamba yeye ameshaona ni dume, kwa namna anavyokula bila kushukuru. Kijana wa bodaboda alinishauri nimkate ncha ya ulimi ndipo aseme vizuri. Nilimfafanulia kwamba sauti ya kasuku hutoka chini kabisa, pale njia ya hewa inapogawanyika kuelekea mapafu, na ulimi kazi yake ni kuitengeneza tu, hivyo kuukata ni ukatili usio na faida. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema babu yake alimkata wake. Shangazi mmoja aliyeshuka na ndoo ya maparachichi kutoka Lushoto alipenyeza kipande kwenye nyaya kwa upendo, nami nikaudaka mkono wake hewani, kwa kuwa parachichi ni sumu kwa kasuku. Mpaka leo mtaani kwake natajwa kuwa ninapiga wanawake wazima.

Pilipili nayo imeniletea kesi. Kila mtu wa mji huu anaamini kwamba kasuku asiyelishwa pilipili hasemi, na ni kweli Karani huzila pilipili kichaa kama mimi nilavyo kashata, kwa sababu ndege hawausikii ule ukali unaotutoa sisi machozi. Mtoto wa jirani alimtazama akila, akaona ni jambo rahisi, akajaribu. Aliyeitwa kwa mjumbe nilikuwa mimi.

Wapo wanaouliza bei. Hao huwaambia kwamba mwaka 2016, katika mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliofanyika Johannesburg, nchi zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaokamatwa porini, kwa jinsi walivyovunwa wakapungua katika misitu ya Afrika ya Kati na ya Magharibi. Mmoja alinisikiliza kwa heshima kubwa, akauliza kama anaweza kulipa kwa awamu. Mwingine aliniuliza kwa nini nahangaika na tundu ilhali mjini wamejaa wale wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa, nami sikuwa na nguvu za kumweleza kwamba hao nao ni wahamiaji, kwao ni kusini mwa Ziwa Victoria. Na yule mwanafunzi wangu wa zamani aliyepiga kelele kutoka ndani ya bajaji akiuliza, «Mwalimu, na huyo naye umemkaririsha jedwali?» naye nimemsamehe, ingawa alipata alama za chini kabisa katika jedwali hilo.

Lakini wote hao ni wepesi wakilinganishwa na yaliyonikuta stendi ya Kange.

Kwanza ijulikane kwamba Karani hasemi mbele ya wageni. Nyumbani hupiga soga kutwa. Barabarani, watu ishirini wakimzunguka na kumbembeleza, hukunja mguu mmoja na kunyamaza. Yapo mawili tu yanayomtoka popote, yote ya ami. Moja ni kikohozi chake, kirefu chenye mikwaruzo, cha mzee aliyevuta sigara tangu ujana. La pili ni kwamba akiamkiwa huitikia.

Nilikwenda Kange kupokea kiroba cha alizeti ninachotumiwa na mpwa wangu kutoka Singida, maana bei ya dukani huku imefika mahali ambapo ni nafuu umlishe ndege pilau. Basi, kwa maneno ya wakala, lilikuwa limeshafika tangu saa nne; lilikuwa halijafika kwa macho tu. Vumbi lilikuwa kali, nikalifunika tundu kwa kanga ya mke wangu iliyoandikwa «Hasidi hana sababu», nikakaa kwenye benchi. Wenzangu wa Tanga mnajua tunavyosemwa huko bara, sina haja ya kurudia.

Akaja bwana wa makamo mwenye begi dogo. Aliisoma kanga, akatikisa kichwa kwa uchungu, akakaa karibu nami kupita kiasi.

«Mzee,» akanong'ona, «nilielekezwa nikifika Kange nisimuulize mtu.»

Nikamwambia amefanya vyema, kwa kuwa wapiga debe wa hapa humpandisha gari la Horohoro mtu anayekwenda Pangani. Akaafiki polepole. «Na mafumbo pia niliambiwa nitayakuta,» akasema.

Hapo Karani akakohoa chini ya kanga. Bwana yule akainuka nusu, akauliza, «Yumo?» Nikamjibu yumo, maana kweli alikuwamo. Akavua kofia, akaliinamia tundu.

«Shikamoo, mzee.»

«Marahaba,» likaitikia tundu kwa sauti ya marehemu ami yangu.

Nilijitahidi, wallahi. Nilimwambia mimi ni mwalimu mstaafu. Akauliza, «Wa kitabu?» Nikamwambia vitabu ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, hisabati na jiografia, lakini hisabati hakuisikia, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kunifungulia moyo. Jirani yake amehamisha alama za mpaka wa kiwanja. Mwanzo alisogeza hatua moja, baadaye akajenga choo ndani ya ile hatua, na sasa kuku wake hutagia upande wa mgeni wangu huku mayai yakidaiwa na upande wa pili. Nikaguswa, dhuluma ni dhuluma, nikamshauri alifikishe jambo hilo kwenye baraza la kata. Akauliza, akiwa ameshatoa kalamu, baraza hilo lina majini wangapi. Nikamjibu kwa mujibu wa sheria, kwamba wajumbe hawapungui wanne wala hawazidi wanane, na watatu lazima wawe wanawake, nao kazi yao ni kupatanisha. Akaandika kiganjani: watatu wa kike.

Kisha akataka kujua mzee wa ndani hutumia nini. Nilipomwambia alizeti na karanga zisizotiwa chumvi, alishusha pumzi ndefu. «Bila chumvi,» akarudia, akimgeukia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliyekuwa amesogea bila mimi kumwona, na mama yule akaitikia kwa macho, kwa sababu hakuna mtu wa pwani wala wa bara asiyejua ni akina nani wasiokula chumvi. Nyuma ya mama alikuwapo mzee mwenye fimbo. Nyuma ya mzee alikuwapo mpiga debe, aliyeacha kazi yake kusimamia foleni na ambaye, nathubutu kusema, hata foleni ya basi hajawahi kuisimamia kwa nidhamu ile.

Nikaona dawa ni moja. Nikaifunua kanga ili wote waone kwamba ni ndege. Karani akageuza kichwa na kumtazama yule bwana kwa jicho moja, kwa sababu ndivyo kasuku watazamavyo. Macho yao yako ubavuni. Bwana yule akasema taratibu, «Kumbe hujigeuza.» Kabla sijamzuia akachomeka noti ya shilingi 10,000 kati ya nyaya. Mpe kasuku karatasi yoyote, iwe ya gazeti au ya Benki Kuu, ataipasua, hiyo ni tabia yake ya kuzaliwa. Karani aliishika kwa mguu, akaitazama pande zote mbili kama inavyotakiwa, akaanza upande wa namba. Vipande vilianguka kimoja kimoja, foleni nzima ikashusha macho.

«Amepokea,» akasema yule bwana, machozi yakimlengalenga.

Hapo subira ikanitoka. Nilisimama juu ya benchi, mimi niliyepata kusoma risala mbele ya mkuu wa wilaya, nikapaza sauti stendi nzima inisikie kwamba huyu ni ndege, ndege, anakula mbegu na kunya, hana jini, hana kiti, hamjui jirani wa mtu yeyote, na noti ile ingenunua kiroba kizima kama angenipa mimi mkononi! Pakawa kimya. Kisha yule mzee mwenye fimbo akawaambia waliokuwa nyuma warudi hatua mbili, kwa sababu mwalimu amepandisha.

Basi lilipofika, kiroba changu kilibebwa na watu watatu hadi kwenye bajaji, na dereva akakataa nauli akisema hawezi kuipokea. Hilo la nauli sikulibishia.

Linaloniuma hasa ni salamu. Habari ile ilifika Ngamiani kabla yangu, na sasa nikipita na tundu, kuanzia barabara ya kumi hadi ya kumi na tano, watoto kwa wakubwa husimama na kumwamkia Karani, naye humwitikia kila mmoja bila kuchoka. Mimi mwenye mvi nimesimama hapo hapo, nimelishika tundu kwa mkono wangu, na marahaba yangu ninarudi nayo nyumbani. Mke wangu hushauri niwe naitikia kwa haraka kabla yake. Nimejaribu, ndege yule ana kasi.

Juzi imekuja kamati ya harusi ya hapa mtaani. Wameniletea kadi ya mchango, na kwa unyenyekevu wakaomba nije na Karani apigwe picha na maharusi, kwa kuwa bibi harusi amependa rangi ya mkia wake inavyokwenda na vitambaa vya ukumbini. Kadi yenyewe ni ya watu wawili, imeandikwa «Mwalimu na Karani», na mchango wake, kama mjuavyo kadi za wawili, haulingani na ule wa mmoja. Nimemtuma mtu akamuulize mweka hazina wao mambo mawili: kama mgeni asiyekula pilau wala kunywa soda hahesabiwi nusu, na mke wangu atakaa wapi.