Membreni ya kuchujia maji sawa, lakini maji ya kutupa yanakwenda wapi?

Huku Arusha, kuanzia Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki, hakuna anayehitaji kuelezwa floraidi ni nini, madini ya kwenye maji ambayo yakizidi huharibu meno: meno yanajieleza. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ndiyo inayoitoa, na kwa kuwa maji ya huku yana chokaa kidogo, hakuna cha kuishika ikatua chini. Kuchemsha ndiyo kabisa: mvuke unaondoka, floraidi inabaki sufuriani.

Kwa hiyo kwenye vichujio vya maji neno "nano", yaani kidogo mno, linauza. Ila tusichanganye vitu viwili. Chujio la mchanga la Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha, lililoshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015, hunasa uchafu ndani yake. Likishiba, unabadilisha vilivyomo. Membreni ya nano, yaani utando mwembamba wa kuchujia, ni kitu kingine. Pampu inasukuma maji kupita matundu ya kama nanomita 1 (sehemu moja ya milioni ya milimita), nayo yanatoka kwa mabomba mawili: safi huku, na kule yaliyobeba kila kilichokataliwa. Hilo bomba la pili ndilo muuzaji analolipitia haraka.

Tupige hesabu. Tuseme kisima kina miligramu 8 za floraidi kwa lita, na membreni inazuia asilimia 85. Wengi wanazidisha moja kwa moja na kupata 1.2, chini ya kikomo cha 1.5 cha Shirika la Afya Duniani. Lakini kadiri maji yanavyosonga ndani ya membreni ndivyo yanavyozidi kuwa makali, na mwishoni inachuja maji mabaya kuliko ya kisima. Ukivuna robo tatu ya maji uliyoingiza, safi yako inatoka na kama 2.0, na ya kutupa 26. Ukivuna nusu, unapata karibu 1.6 na 14. Ili ushuke chini ya 1.5 inabidi uvune asilimia 40 tu. Mashine ile ile, kisima kile kile. Tofauti ni valvu ya maji ya kutupa umeifungua kiasi gani. Fundi anayeibana ili tangi lijae upesi anaharibu kazi yote.

Maoni yangu: mfumo usio na jibu la maji ya kutupa usifungwe. Kuyaachia kwenye mfereji unaonyeshea mboga na kunywesha ng'ombe ni kumhamishia jirani tatizo, tena likiwa limekolea. Nyumbani yaende chooni na kwenye kudeki. Na membreni ihudumie bomba moja tu, la kunywa na kupikia; familia ya watu sita inatosheka na lita 30 kwa siku. Kufulia, tumia ya kisima.

Kuhusu kuitunza: tanguliza chujio la maikroni 5. Kama maji yana klorini, weka na la mkaa, maana klorini inakula membreni na haiponi tena. Maji safi yakipungua kwa asilimia 10 hadi 15 kwa presha ile ile, ioshe mapema. Kama ni utelezi wa vijidudu, anza na dawa ya kuoshea membreni yenye alkali (kinyume cha asidi), kisha asidi ya limau. Ukianza na asidi, utelezi unagandamana. Umeme ukikatika siku kadhaa, membreni isikauke wala isikae na maji yaliyotuama; isuuze kwa maji safi.

Kile kikalamu cha kupimia chumvi hakijui floraidi. Kinaonyesha jumla ya chumvi tu, na jumla inaweza kushuka vizuri huku floraidi ikiwa bado juu. Peleka sampuli maabara, ya kisima na ya bomba safi, kabla ya kununua na kila baada ya miezi michache.

Halafu kuna jikoni. Magadi ya kulainishia makande na maharage nayo yana floraidi, na yanaingia sufuriani baada ya membreni kumaliza kazi yake.