Kabla ya Kuuliza Sare, Uliza Alikolala

Hapa Malindi ukitaja mtoto asiye na makao, watu humfikiria chokoraa wa stendi na chupa yake ya gundi. Huyo anaonekana. Ninayemsemea mimi huja shule kila siku na sare iliyopauka. Juzi alilala sebuleni kwa shangazi yake Maweni, leo kwa jirani Kisumu Ndogo, kwa kuwa nyumba yao ya makuti iliungua au mama kashindwa na kodi. Mto Sabaki ulipofurika 2018, familia nyingi za Magarini ziliingia mahemani, na watoto wao bado walikuwa wanafunzi wa mtu.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi bila malipo, na hapohapo kinataja makao. Langoni lakini huulizwa cheti cha kuzaliwa. Ulipokuja NEMIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi kwa kompyuta, asiye na nambari ya cheti alikwama kusajiliwa, na asiyesajiliwa shule haikupata mgao wake wa pesa za serikali. Namwelewa mwalimu mkuu. Ila cheti kimeungua na nyumba. Mtoto ukimwambia akakilete nyumbani, ni nyumbani kupi?

Marekani wana sheria ya McKinney-Vento, ya 1987. Mtoto asiye na makao huandikishwa papo hapo, karatasi zitafutwe baadaye, na aliyejibanza kwa jamaa baada ya kupoteza nyumba huhesabiwa pia. Pesa zao hatuna, lakini kumpokea mtoto kwanza hakuhitaji bajeti.

Mengine ni madogo. Mwalimu mmoja anayeaminika amuulize faraghani, si paredi. Apate kabati la kuachia vitabu. Darasa moja libaki wazi hadi saa kumi na mbili jioni afanyie kazi za ziada hapo, maana huko anakolala taa ni ya wenyewe na huzimwa wakitaka. Sare za waliomaliza shule ziwekwe akiba, apewe kimyakimya. (Kumpiga picha akipokea na kuirusha Facebook ni kumwanika.) Na ustadhi wa madrasa aulizwe, maana mara nyingi yeye hujua mtoto kahamia wapi kabla ya mwalimu wa darasa. Anayechelewa naye asipigishwe magoti langoni kabla hajaulizwa katokea wapi.

Mwenye mtoto shuleni alizungumze hili kwenye mkutano wa wazazi muhula ujao. Wazazi wa watoto hawa wenyewe huwa hawaji, wakihofia kudaiwa michango mbele ya watu.