Kabla ya Kusifu Ubao, Inama Uangalie Miguu

Kwenye sebule yetu hapa Kigamboni kuna madoa manne ya kahawia kwenye tailizi. Nimeyasugua kwa ndimu, nikayasugua kwa siki. Yamefifia lakini hayajatoka. Ni alama za meza yetu ya kwanza ya kulia chakula, kioo juu na chuma chini, tuliyoinunua dukani inang'aa. Haikumaliza miaka miwili. Kioo chake ni kizima mpaka leo. Kilichokufa ni miguu.

Baada ya hapo ndugu zangu walinishauri nirudi kwenye meza ya mbao tupu. Sikurudi, na sijajuta. Meza ya miguu ya chuma inazifaa sana nyumba zetu za Pwani, tatizo ni namna tunavyoinunua. Tunapapasa ubao, tunasifu mng'ao, tunauliza bei, tunalipa. Sijamwona mtu dukani akipiga goti kutazama chini ya meza, na huko chini ndiko meza inakoanza kufa.

Fikiria deki. Nyumba nyingi Dar es Salaam sakafu hupigwa deki kila siku, na maji hayo huizunguka miguu ya meza kila asubuhi. Mguu wa mbao huyanywa, ukavimba, ukaanza kuchanika kuanzia chini. Na ukiwa na nyumba yenye mchwa, unajua hadithi inavyoendelea. Chuma hakiliwi na mchwa wala hakivimbi, lakini nacho kina mlango wake wa mauti: bomba la pembe nne lililokatwa na kuachwa wazi upande wa chini. Maji ya deki yanapanda ndani ambako rangi haikufika, hewa ya chumvi ya bahari inasaidia, na kutu inakula kutoka ndani kwenda nje. Siku unayoiona kwa nje, kazi imeshakwisha. Meza yangu ilikuwa na vifuniko vya plastiki tu, na kimoja kilishatoka wakati wa kuishusha kwenye gari.

Kwa hiyo meza ya pili niliitengenezesha Keko, hapa Dar es Salaam. Fundi wa kuchomelea aliniuliza swali ambalo muuzaji wa dukani hakuwahi kuniuliza: "Dada, unataka bomba la unene gani?" Nikamwambia sijui, anieleze. Akaniwekea vipande viwili mkononi, vyote vya milimita 50 kwa 50, kimoja unene wa milimita 1.2, kingine milimita 2. Kwa macho ni mapacha. Kwa mkono, huhitaji kuelezwa tena.

Nilipiga hesabu nyumbani. Fremu mbili za mstatili zinazosimama badala ya miguu minne, zenye upana wa sentimita 55 na kimo cha sentimita 72, zinakula mita tano na kidogo za bomba, yaani zinatoka kwenye bomba moja la mita sita. Kwa milimita 1.2 fremu hizo mbili zina kilo tisa hivi. Kwa milimita 2 zinafika kilo 15. Uzito huo ukikaa chini ndio unaoishika meza mtoto anapojining'iniza pembeni, au mgeni mzito anapoegemea ukingo ili ainuke. Ukiwa dukani huna kipimo, nyanyua upande mmoja wa meza. Ikija kama kiti cha plastiki, iache hapo hapo.

Lakini jambo ninalolipenda zaidi kwenye meza hii si uimara. Ni magoti.

Bibi zetu wa Pwani walikula chini, sinia katikati, watu wamelizunguka. Neno meza lenyewe tumelipata kwa Wareno. Kwenye jamvi akija mgeni anaambiwa "karibu, jongea", watu wanasogea kidogo, nafasi inapatikana. Meza ya miguu minne kwenye pembe imeiondoa raha hiyo. Mtu mmoja anahitaji kama sentimita 60 za ukingo ili viwiko visigombane, na kila mguu wa pembeni unakula nafasi ya mtu. Anayekuja nusu ya futari anapewa kiti cha pembeni akumbatie mguu wa meza, au anaambiwa akae kwenye kochi na sahani mapajani.

Chuma kina nguvu ya kutosha kubeba ubao huku miguu imeingizwa ndani. Fremu zangu ziko sentimita 35 kutoka kila kichwa cha meza na kama 17 kutoka ubavuni, chini ya ubao wa sentimita 180 kwa 90. Watu sita wanakaa kwa nafasi, wanane wanaingia wakijongea, na hakuna anayepigwa goti. Eero Saarinen, msanifu majengo wa Marekani mzaliwa wa Finland, alikerwa na msongamano wa miguu chini ya meza na viti, na mwaka 1957 kampuni ya Knoll ikatoa meza yake yenye mguu mmoja wa katikati. Sisi tulikuwa na jibu la tatizo lake kitambo, juu ya mkeka.

Fremu mbili peke yake, hata hivyo, huyumba kwa urefu. Mkono mmoja ukisukuma kichwa cha meza, fremu zinataka kulala kama kadi. Lazima kuwe na boriti ya chuma inayoziunganisha chini kidogo ya ubao, au mabamba mapana ya kufungia. Meza nyingi za dukani zina kipande kama cha kiganja, na skrubu nne fupi.

Na hizo skrubu ndizo zinazopasua ubao. Mbao hupumua. Masika inatanuka, kiangazi inanywea, na hufanya hivyo kwa upana wake, siyo kwa urefu. Ubao wa sentimita 90 unaweza kutembea milimita kadhaa kwa mwaka, na chuma hakitembei nao. Ukiubana kwa matundu ya duara, siku moja usiku utasikia mlio kama wa fimbo kavu, na asubuhi utakuta ufa. Dawa yake ni rahisi: fundi atoboe matundu marefu kwenye bamba, skrubu iwe na nafasi ya kuteleza. Mimi nilichagua mninga kwa sababu ni mbao tulivu, haihangaiki sana na majira, lakini hata mninga nisingeubana. Wanaopenda jiwe la marumaru juu, sawa, ila wakumbuke kwamba ndimu, ukwaju na siki hula marumaru, na sisi hatuli bila hivyo.

Rangi usiifanyie haraka. Viungo visagwe kwa grenda, mafuta yafutwe kwa tina, chuma kipigwe msasa mpaka magamba ya kiwandani yatoke, rangi ya kuzuia kutu itangulie, ndipo nyeusi ipite mara mbili. Ukipata mahali pa kuoka rangi ya unga, ile inayopulizwa ikiwa poda kavu kisha ikayeyushwa kwa joto, bora zaidi. Mkiamua kutumia bomba lililopakwa zinki, mpeni fundi nafasi ya wazi na barakoa, maana moshi wa zinki ikiungua humletea homa usiku, na tumezoea mno kuona afya ya fundi haimo kwenye bei.

Yangu nilimwomba azibe kila mdomo wa bomba ulio wazi chini kwa kipande cha bati nene, akichomelee mzunguko wote, kisha ndipo tuweke mipira. Alisema hakuna mteja aliyewahi kumwomba hivyo. Ilimchukua chini ya saa moja.

Imepita masika mbili. Jumamosi iliyopita mimi na mume wangu tuliilaza ubavu kwenye jamvi ili nikague. Mpira mmoja umechakaa, na juu yake rangi imebanduka ukubwa wa ukucha, pale baiskeli ya mwanetu inapogonga. Nilipiga msasa, nikapaka, tukaiacha imelala mpaka jioni ikauke. Usiku ule tulikula chini.