Msitoboe deki (sakafu ya boti) hovyo!

Jamani marafiki mnaokuja kusaidia kufufua boti ya zamani ya uvuvi wa michezo, msifunge vishikio vya fimbo za kuvulia kwa skrubu kavu, yaani bila kuziba maji! Chini ya faibaglasi ya deki kuna plaiwudi. Maji hupenya kando ya skrubu, mbao inaoza kimyakimya, kisha deki inabonyea ukiikanyaga. Ukichomoa skrubu inatoka na unga mweusi uliolowa. Inaudhi, maana kinga yake ni rahisi: toboa tundu la milimita 12, ziba chini kwa tepu, jaza epoksi nzito (gundi ya kuchanganya inayogeuka ngumu). Ikishakauka kabisa (kesho yake, si baada ya chai), toboa milimita 6 katikati, paka silanti ya boti (dawa ya kuzibia maji), funga kwa bolti na bamba chini. Silikoni ya bafuni hapana.