Mwacheni mtu amtafute ndugu yake

Jana jioni kijiwe cha kahawa pale Majengo kijana mmoja akafungulia video kwenye simu, sauti juu kabisa, eti siri ya ile ndege ya Malaysia iliyopotea 2014 imefichuka. Basi kila mtu na lake, mara imebebwa na majini, mara imetekwa, mara imefichwa kisiwani, watu wanacheka. Hayo nilivumilia. Ila mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema miaka yote hiyo wanatafuta nini, si waache tu, wanamaliza hela bure. Nimelala na hilo neno hadi asubuhi.

Mzee wangu shikamoo, lakini hapana.

Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi bwawa la Mtera. Siku moja mtumbwi ukakutwa umepinduka, kasia liko kando, yeye hayupo. Wenzake walizunguka na nyavu siku tatu, wakachoka, wakarudi. Bibi alikataa matanga. Alisema nalilia nini wakati sijaona kitu? Kila jioni akisonga ugali wa uwele anampakulia na yeye, anafunika na sahani, mlenda pembeni, asubuhi tunapewa sisi watoto. Malapa yake yalibaki mlangoni na ole wako uyasogeze. Kwa hiyo mtu akiniambia "waache tu" naona ile sahani.

Sasa zidisha hiyo kwa watu 239. Waliruka Kuala Lumpur usiku wa tarehe 8 Machi 2014 kwenda Beijing, haijafika hata saa moja angani mawasiliano yakakatika. Rada ya jeshi ikaiona imegeuza imerudi magharibi, na setilaiti ikaendelea kupata ishara zake mpaka saa 2 na dakika 19 asubuhi, yani karibu saa saba nzima ndege inaenda tu na hakuna anayejua nani kaishika wala kwa nini. Ndo maana hizo habari za majini zinaniuma, kuna watu walikuwa mle ndani.

Na tusijifanye ni mambo ya mbali. Mwaka 2015 kipande cha bawa kilikutwa kisiwa cha Réunion, halafu Juni 2016 kingine kikaokotwa Pemba, Pemba hii hii yetu, kile cha nyuma ya bawa kinachoshushwa ndege ikitaka kutua. Wataalamu wa Australia wakakipima wakathibitisha ni cha ndege hiyo. Bahari imekibeba kutoka huko kusini mwa Bahari ya Hindi mpaka mlangoni kwetu, halafu sisi tunakaa kijiweni tunasema imepaa mbinguni.

Sawa, nakubali kazi ni ngumu, kule chini baharini kina ni kilomita nne na zaidi, na walishapekua kilomita za mraba 120,000 wakasimama Januari 2017 mikono mitupu. Ila kuhusu hela, mwaka 2025 Malaysia ilisaini na Ocean Infinity, kampuni ya kupekua chini ya bahari, kwamba wasipoipata hawalipwi hata senti, wakiipata ni dola milioni 70. Sasa hapo hela ya nani inapotea?

Nilimweleza mzee yote haya, na ya Mtera pia. Akakaa kimya, akaweka kikombe chini, akaniuliza taratibu, "Na yule baba yako mdogo, mlimpata?"

Hatujampata. Malapa yako kwa shangazi Chamwino, ndani ya sanduku.