Nzi anayewatoa nyuki mzingani usiku: tumlaumu kiasi gani?

Mwaka 2008 John Hafernik, profesa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco, aliokota nyuki waliokufa chini ya taa za chuo ili amlishe vunjajungu wake. Akaisahau chupa mezani. Alipoiangalia tena, ilikuwa na pupa za nzi, yaani mabuu yaliyojifunga ganda kabla ya kugeuka nzi kamili.

Nzi huyo, Apocephalus borealis, hutaga mayai tumboni mwa nyuki. Mabuu humla kwa ndani, kisha hutokea shingoni, kati ya kichwa na kifua. Kabla ya kufa nyuki huacha mzinga usiku, hukimbilia taa na kuyumba kama mlevi. Utafiti ulipochapishwa mwaka 2012, huku wafugaji nyuki wa Marekani wakipoteza makundi mazima tangu 2006, wengi waliona mhalifu amepatikana.

Hoja yao haikuwa ya kubeza. Nyuki wanaotoka usiku hawarudi. Isitoshe, vinasaba vya kirusi kinacholemaza mabawa vilikutwa hata ndani ya nzi wenyewe, hivyo huenda akasambaza maradhi.

Hata hivyo, anayetagiwa zaidi ni nyuki anayetoka kutafuta chakula, ambaye amebakiza wiki chache tu za kuishi na ambaye mzinga wenye malkia mzima humfidia haraka. Utitiri wa Varroa, uliogunduliwa Marekani mwaka 1987, huzaliana ndani ya masega na kudhoofisha hata nyuki wachanga ambao hawajatoka kwenye sega. Kwangu mimi huu ni uzito mwingine kabisa.

Wala haijathibitika kwamba nzi ndiye anayemwamuru nyuki atoke. Wapo nzi wengine, wa jamii ya Conopidae, ambao nyuki wanene wa Bombus waliotagiwa nao hujichimbia udongoni kabla ya kufa. Hapo faida ya nzi iko wazi, kwani pupa yake hupata hifadhi. Kufia chini ya taa kunamfaa nani? Pengine nyuki mgonjwa hufukuzwa na wenzake.

Ninaowahofia zaidi ni hao Bombus, wenyeji wa Amerika waliokuwa wakishambuliwa na Apocephalus kabla nyuki wa asali hajaletwa kutoka Ulaya katika karne ya 17. Mzinga wa asali una maelfu ya vibarua, kiota cha Bombus mara nyingi mamia tu. Lakini kumpulizia nzi sumu si jibu: sumu inayomuua yeye humuua na nyuki.